Duka lisilouza gambuti

Mjomba wangu aliuza kila kitu. Chumvi, viberiti, sindano za cherehani, betri za redio, dawa ya panya, sanda. Sanda aliiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya madaftari ya shule, maana hakupenda mtu aliyekuja kumnunulia mtoto biskuti aanze kuikodolea macho. Lakini gambuti hakuuza. Na Bukene, mkoani Tabora, mvua zikishakolea, nusu ya watu wanashinda kwenye majaruba ya mpunga, matope hadi magotini. Duka lisilo na gambuti kule ni kama mgahawa usio na chai.

Mteja akiuliza, alijibiwa "Hakuna." Si "zimekwisha", wala si "pita wiki ijayo". Hakuna, na mkono unaendelea kufunga sukari.

Nimekulia nusu ya utoto wangu katika duka lile. Likizo zote za shule ya msingi na karibu zote za sekondari nilipelekwa kwake. Mimi nilimwita Mjomba, naye aliniita Mjomba, kama ilivyo desturi, hata wateja wageni wakawa hawajui nani anamtuma nani. Duka halikuwa na jina ukutani. Watu walisema "kwa Afande", jina ambalo yeye hakulipenda, kwa sababu hakuwahi kuwa afande wa mtu yeyote. Alikuwa mgambo. Alikwenda Uganda mgambo, akarudi mgambo.

Mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka 22, anasaidia kupima pamba kwenye kituo cha kununulia. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na maneno yale kila Mtanzania wa umri fulani anayajua kama anavyoijua sala: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kesho yake daraja la Kyaka, la mto ule ule wa Kagera, likalipuliwa na majeshi ya Amin. Mjomba aliyasikia hayo yote kwenye redio moja iliyozungukwa na watu wengi kiasi kwamba, anasema, aliyekaa karibu ndiye aliyekuwa akiwapokezea wa nyuma kwa sauti, na sentensi ilipofika mwisho wa umati ilikuwa imeshabadilika.

Wakakusanywa, wakapelekwa Tabora, wakafundishwa haraka haraka. Kisha wakapakiwa kwenye treni ya kwenda Mwanza. Sasa, anayeijua reli ile anajua kwamba ukitoka Tabora kwenda Mwanza unapita Bukene. Treni ilipita usiku, taa zimezimwa, haikusimama. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa amelala nyumba ya nne kutoka relini. Mjomba anadai alisikia mbwa wakibweka, na mmoja alimtambua kwa sauti kuwa ni wa kwao. Hilo sijawahi kuliamini, lakini amelirudia mara nyingi kuliko jambo lingine lolote la vita ile, kwa hiyo naliandika kama nilivyolipokea.

Mwanza wakapanda meli ya MV Victoria hadi Bukoba. Kutoka hapo, miguu.

Nilipokuwa darasa la sita tulifundishwa Vita vya Kagera, nami nikaja likizo kifua mbele, nina mtu wangu aliyekuwepo. Nikamuuliza kuhusu mji ule wa mpakani, "Mjomba, Mutukula kulikuwaje?" Akafikiri. "Mutukula hakukuwa na chumvi." Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Nikauliza kuhusu Masaka. Akasema Masaka alimwona mwanamke anauza ndizi mbivu pembeni ya nyumba iliyobomolewa na mizinga, na kwamba aliuza kwa bei ileile aliyokuwa akiuza juzi yake, kabla ya mizinga. Jambo hilo lilimshangaza kuliko mizinga yenyewe.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza vita, anakujibu bei. Nilidhani ni ukimya wa wanajeshi unaosemwa sana, wa watu walioona mengi wasiyoweza kuyatamka. Labda upo. Lakini kadiri nilivyokua niliona kwamba Mjomba hakuwa akificha kitu. Alikuwa ananieleza vita kwa jicho alilokuwa nalo, jicho la karani wa mizani. Wengine walirudi na majina ya makamanda. Yeye alirudi anajua kule Lukaya galoni moja ya maji safi ilibadilishwa kwa nini.

Lukaya ndiko alikoniambia neno moja ambalo sikulikuta kwenye kitabu cha shule. "Tulikimbia."

Wanaojua historia ya vita wanajua alichosema. Machi 10, 1979, brigedi ya 201, ambayo ilikuwa imejaa mgambo, ilikuwa mbele kwenye mji mdogo wa Lukaya, mahali ambapo barabara ya Masaka kwenda Kampala inaingia kwenye kinamasi kirefu. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafyatua maroketi. Mengi yalipita juu, hayakuua mtu, lakini ulikuwa mlio ambao vijana wale hawajawahi kuusikia ukielekezwa kwao. Wakatawanyika. Usiku wakakusanywa upya, brigedi ya 208 ikageuzwa kuja kupiga kutoka upande mwingine, na alfajiri ya Machi 11 mambo yakapinduka, waliokimbia safari hii wakawa Walibya. Baada ya hapo njia ya Kampala ikawa wazi.

"Tulikimbia, halafu tukarudi," alisema Mjomba. Akanikabidhi kopo la mafuta ya taa nimjazie mtoto wa jirani chupa yake. Aliposema hivyo hakuwa na aibu wala majigambo.

Kampala ilianguka Aprili 10 na 11. Kikosi chake kiliingia baada ya wengine, na alichokikuta, kwa maneno yake, ni maduka. Mtaa baada ya mtaa wa maduka yaliyo wazi, milango imevunjwa, wenyeji wanatoka na magodoro kichwani. Waganda waliwaita Watanzania "bakombozi", wakombozi, wakawashangilia barabarani. Lakini Mjomba hadithi yake ya Kampala ni moja tu, na ni ya duka fulani la nguo ambalo mwenyeji mmoja alimwonyesha na kumweleza historia yake.

Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka. Maduka yao akayagawa, na mengi yakaangukia mikononi mwa wanajeshi na watu wao. Waganda waliwaita matajiri hao wapya "mafuta mingi", Kiswahili chao wenyewe, na jina likabaki. Inasimuliwa kwamba mmoja wa hao, askari aliyeamka siku moja akajikuta ana duka la mashati, hakujua bei, basi akawa anasoma namba iliyoandikwa kwenye ukosi. Shati la kumi na tano, shilingi kumi na tano. Mwenye shingo nene akalipa zaidi. Rafu zilipokwisha, duka likaisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mashati hununuliwa mahali.

Kisa hiki kinasimuliwa Uganda nzima, kila mtu na mji wake, na sina hakika kama mwenye duka yule alikuwa mmoja au mia. Mjomba yeye alihakikisha ni duka lile alilosimama mbele yake. Alikisimulia akicheka hadi machozi, na kila mara alimalizia kwa kunyoosha kidole kwenye rafu zake: "Askari akipewa duka."

Yeye hakupewa.

Alirudi Bukene mwaka 1980, wakati mgambo wengi walikuwa wamesharudishwa makwao. Vita vilikuwa vimeisha rasmi Juni 1979, na nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ule ulifungwa miezi mingi kuliko hiyo. Malori yaliyochukuliwa kwenda vitani yalirudi mikweche, fedha za kigeni hakuna, mafuta yamepanda duniani kote, na kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa kimeporwa na majeshi ya Amin. Watu waliomsindikiza kwa ngoma walikuwa sasa wanapanga foleni ya sabuni.

Kwa kuwa alijua kusoma mizani na kuandika hesabu, wakampa auze katika duka la kijiji. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa kwenye Operesheni Maduka ya 1976, na badala yake yakawekwa ya ushirika. Bidhaa zilitoka Tabora kwa mgao. Katoni nne za sabuni kwa kaya mia kadhaa. Doti za kanga zikija, jina la kila mama linasomwa kwa orodha, na aliyekosa mwezi huu anatangulia mwezi ujao. Anasema kazi ile ilimtisha kuliko doria. Kwenye doria adui humjui. Kwenye duka la mgao unamjua kila mtu, unajua na mtoto wake anaumwa nini.

Halafu ikaja Machi 1983, serikali ikaanza kuwasaka waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa.

Vijana wa sasa wakisikia "msako wa wahujumu uchumi" wanadhani ni habari za mafisadi wa mabilioni. Uliwafikia hao, ndiyo, lakini uliwafikia pia watu wenye mifuko mitatu ya sukari chini ya kitanda. Watu walitupa bidhaa vichakani na mitoni usiku wasikutwe nazo, katika nchi ambayo mchana wake watu walikuwa wanaogea majivu na mapapai. Mjomba alikuwa ametenga miche kumi na miwili ya sabuni pembeni. Sababu yake ilikuwa moja: mtu akijifungua au akifa katikati ya mwezi, mgao ulishakwisha, mzazi ataogeshwa na nini, maiti itaoshwa na nini? Wazee walijua. Wakaguzi hawakujua, na miche kumi na miwili ilikuwa haionekani kwenye rafu ingawa kwenye hesabu ilikuwa haijauzwa.

Alilala rumande siku tatu. Mtu aliyekwenda Kampala kwa miguu kwa ajili ya nchi hii, amekaa sakafuni anaulizwa sabuni.

Kilichomtoa ni daftari. Bibi yangu alilipeleka mwenyewe, amelifunga kwenye kanga. Ndani kulikuwa na kila mche uliowahi kutoka kwenye ile akiba: tarehe, nyumba, "uzazi" au "msiba". Afisa akasoma kurasa mbili, akafunga, akamwambia aende nyumbani. Hakuomba radhi, na Mjomba hasemi kwamba alistahili kuombwa. Hapo huwa tunatofautiana. Mimi nadhani alistahili.

Baada ya hapo hakuna kitu kilichotoka dukani bila kuandikwa. Hakuna. Pipi ya shilingi moja aliyoichukua mwanawe, iliandikwa. Nikiwa na miaka kumi niliiba kipande cha jagi, jioni nikakuta kwenye daftari: "Mjomba, jagi, 1." Hakuniambia neno. Nimekula vitu vingi vya wizi maishani lakini kile kipande cha sukari guru ndicho pekee ambacho hadi leo nina deni lake lililoandikwa.

Duka lake mwenyewe alilifungua 1986, enzi za Mzee Mwinyi, biashara ilipokuwa inafunguka na watu wanaanza kusema "ruksa". Mtaji ulitoka kwa ng'ombe watatu na akiba ndogo. Alianza vibaya. Juni ya mwaka ule shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 kwa dola moja hadi 40. Mjomba dola hakuwa ameishika mkononi, lakini alijua kwamba fedha aliyouzia gunia la sukari Jumatatu haikutosha kununua gunia lingine Ijumaa. Ukipanga bei kwa ulichonunulia, unakula mtaji. Ukipanga kwa utakachonunulia, jirani anakuita mlanguzi, na neno hilo alikuwa ameshalilalia sakafuni.

Akakimbilia chumvi. Kila fedha iliyobaki aliigeuza chumvi ya Uvinza, inayokuja kwa reli ya Kigoma, akaipanga stoo juu ya mbao. Chumvi haiozi, panya hawaili, na bei yake haishuki. "Benki yangu," aliniambia, akipiga gunia kofi. Nilipofundishwa mfumuko wa bei chuoni, kwa mihadhara miwili na michoro, niliwaza stoo ile.

Hesabu yake ya sukari nayo niieleze, kwa sababu wengi mnaolalamika kuhusu wenye maduka hamuijui. Gunia la kilo 50 lina robo 200. Hiyo ni darasani. Dukani zinatoka 196, siku nzuri 197. Nyingine inakwenda na unyevu, nyingine inabaki kwenye mishono ya gunia, nyingine inaruka mizani inapocheza, nyingine inalambwa na wajomba wadogo. Faida yote ya gunia wakati mwingine ilikuwa kama robo kumi. Kwa hiyo mwenye duka asiyejua zile nne zinakwenda wapi, anafanya kazi karibu nusu yake bure. Mjomba alikung'uta gunia tupu juu ya gazeti, akakunja gazeti, akamimina kwenye chupa ya chai ya nyumbani. Aliiandika pia.

Na mpangilio! Kila kitu kilitazama mbele. Makopo ya rangi ya viatu, maandishi yote upande wa mteja. Kila usiku, taa ya chemli mkononi, alipita rafu moja moja akihesabu kwa sauti ya chini, na mimi nikiandika. Sikujua kwamba ni ukaguzi wa silaha hadi mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini alipopita usiku mmoja kununua sigara. Akasimama mlangoni akasikiliza, akacheka, akasema, "Mguu sawa!" Mjomba bila kugeuka akajibu, "Mguu pande," na akaendelea na viberiti.

Sasa gambuti.

Nilikuwa kidato cha pili. Akaja mfanyabiashara kutoka Mwanza na gari lililojaa gambuti nyeusi, akamwambia Mjomba anamwachia jozi arobaini kwa mali kauli. Alipe zikiuzika, zisipouzika azirudishe. Mvua ilikuwa inanyesha wakati ule ule wanaongea. Mjomba akakataa. Mimi nikapiga hesabu pale pale kwenye kipande cha karatasi, nikaweka faida mbele yake na kidole juu ya jumla. Nilikuwa na kiherehere sana mwaka ule.

Yule mtu alipoondoka, Mjomba akakaa kwenye gunia la chumvi akavua ndala. Miguu yake nilikuwa nimeiona siku zote, kama unavyoona mlango. Sikuwahi kuitazama. Vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kushoto havikuwa na kucha. Ngozi ya nyayo, kuanzia katikati kwenda kisiginoni, ilikuwa na rangi nyingine, nyeupe nyeupe, yenye mikunjo kama ya mtu aliyetoka kufua, ila ilikuwa kavu.

Buti za ngozi hazikutosha watu wote, akasema. Mgambo wengi waliwahi gambuti. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na mvua za masika zilianza wakiwa njiani. Maji yakiingia kwenye gambuti hayatoki. Soksi hakuna, wakafunga vitambaa, vitambaa vikaoza. Ukiivua usiku mguu unavimba, asubuhi hauingii, basi hawakuvua. Kulikuwa na mwenzake, kijana wa Nzega, ambaye walipomvua hospitali gambuti ilitoka na vitu ambavyo Mjomba hakutaka kuvitaja mbele ya dirisha la wateja.

"Risasi haikunigusa," alisema. "Kiatu ndicho kilichonipiga." Akavaa ndala. Akachukua ile karatasi yangu ya faida, akaigeuza nyuma, akafungia mtu dagaa.

Mwaka mmoja, nikiwa nimeshaanza kazi, nilimpeleka Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Hakuwa ameomba, wazo lilikuwa langu, na njiani nilianza kujuta. Alitembea kati ya mistari polepole, mikono nyuma, akisoma majina. Kijana wa Nzega hakuwa pale, maana alipona, akaishi, akafia kwao. Mjomba alifika mwisho wa mstari, akageuka, akaangalia safu nzima kwa jicho lile la usiku la chemli. "Wamepangwa vizuri," akasema. Tukarudi kwenye gari.

Siku hizi duka linaendeshwa na binamu yangu. Kuna friji, kuna miamala ya simu, na daftari limehamia kwenye simu hiyo hiyo, jambo ambalo Mjomba analitazama kama mtu anayetazama nyumba isiyo na paa. Yeye anakaa kwenye benchi barazani. Watoto wanamwamkia "Shikamoo Afande", na siku hizi anaitika.

Mwaka jana mvua zilipoanza, binamu yangu alileta gambuti. Hakumwambia. Alizitundika mlangoni kwa kamba, jozi kwa jozi, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameuza sita. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumsalimia mzee, na tulikuwa wawili tunamtazama kwa pembe ya jicho kama watoto waliovunja chungu.

Aliinuka. Akaiendea ile iliyokuwa chini kabisa, akaingiza mkono mzima ndani hadi kwenye kiwiko, akapapasa huko ndani kwa muda mrefu.

"Hizi zina kitambaa," akasema. Akauliza bei. Binamu yangu akaitaja. Mzee akarudi kwenye benchi yake, akakunja miguu chini ya kanzu, na mvua ikazidi.